Tryphena na Walimu wa Jumapili

Tryphena Wakesho alifundisha shule ya misheni huko milimani Taita kwa miaka kumi na minne, na hakuna siku aliyofikiri kwamba kazi hiyo ingeisha kwa sababu ya shingo. Uvimbe ulianza kidogo, upande wa kushoto, wakati binti yake Mable alipokuwa darasa la pili. Wanawake wengi wa milimani walikuwa nao na hawakuujali. Wake ukakua. Kufikia mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na moja alikuwa hawezi kufunga kifungo cha juu cha blauzi, na akilala alipumua kwa mlio. Akapelekwa hospitali huko pwani, akapasuliwa. Daktari alikuwa amemweleza mapema kwamba pana mshipa mwembamba unaopita papo hapo, na kwamba mara nyingine huguswa hata na mkono mwangalifu. Uvimbe ulitoka. Sauti nayo ikaenda.

Haikuenda yote. Ilibaki sauti ya chini yenye mikwaruzo, kama ya mtu anayeongea nyuma ya mlango uliofungwa. Jikoni ilitosha. Darasani, mbele ya watoto arobaini na watano, haikufika benchi la tatu. Alijaribu muhula mmoja. Muhula ulipokwisha msimamizi wa shule alimwandikia barua nzuri ya shukrani, naye akaisoma mara moja, akaikunja, akafunga mizigo na kuteremka Voi kukaa na mumewe.

Mumewe, Mwandawiro, alikuwa nyapara wa gengi la reli. Juma zima alikuwa njiani na watu wake wakikaza misumari na kubadilisha mataruma, na kurudi kwake kulikuwa Jumamosi. Walipewa vyumba viwili mwisho wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mahali ambapo upepo wa Voi ulipita na vumbi jekundu bila kuzuiliwa na kitu. Tryphena, aliyezoea ukungu wa asubuhi na maji ya kijito nyuma ya nyumba, alichukua mwaka mzima kuizoea hali ile. Alifagia, baada ya saa moja akafagia tena. Watu wa landhi walimwita Mama Mable, wakampenda kwa sababu alisikiliza zaidi kuliko alivyosema, na wengi hawakujua kwamba amewahi kuwa mwalimu.

Aliyejua ni Donald, mwinjilisti wa kanisa, kwa kuwa alitoka kijiji kilichopakana na chao. Ndiye aliyekuja kwake mwaka wa hamsini na tano, siku ya Jumatatu, akakaa kwenye kibao mbele ya mlango na kuzungusha kofia yake mikononi.

Jambo lililomleta kila mtu alilijua. Jana yake, wakati wa matangazo kanisani, mwanamke mmoja wa Kikamba aitwaye Wayua alikuwa ameingia kwa mlango wa pembeni akiwa amemshika binti yake, Katuku, mtoto wa miaka tisa. Hakupiga kelele. Aliuinua mkono wa mtoto ili watu wauone. Kifundo kilikuwa kimevimba, na alama ya fimbo imekikata mshazari.

"Nilimleta asomeshwe Neno," Wayua alisema. "Nataka kujua hili ni neno gani."

Kisha akatoka. Jumapili iliyofuata zaidi ya watoto ishirini wa landhi wasingekuja, na hilo lilijulikana kabla jua halijatua.

Aliyempiga ni Kimeu Ndambuki, karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, kijana wa miaka ishirini na sita, mmoja wa walimu watatu wa kujitolea wa shule ya Jumapili. Wengine walikuwa Josephat, fundi wa cherehani kwenye veranda ya duka la Mhindi, na Gertrude, mke wa karani wa stesheni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa kazi ya ualimu. Walikuwa wameitwa mbele ya kanisa, wakaombewa, wakapewa kijitabu kimoja cha masomo cha kugawana na banda la mabati lenye watoto sitini.

"Baraza la kanisa linataka kuifunga shule ya Jumapili," Donald alisema. "Wengine wanasema Kimeu atoke. Akitoka Kimeu, Josephat atatoka. Ameniambia mwenyewe kwamba anawaogopa wale watoto."

"Mimi sina sauti ya kufundishia, Bwana Mwinjilisti."

"Sikuombi ufundishe watoto, Mama Mable. Nakuomba uwasaidie walimu. Hawajui wafanye nini watoto wakiwashinda. Wakishindwa wanapayuka, wakishindwa zaidi wanachapa."

Tryphena alitazama mikono yake. Hakuwa na hamu. Alikuwa amekwisha kukubali kwamba sehemu ile ya maisha yake imefungwa, na hakufurahia mtu kuja kuifungua. Lakini Mwandawiro alikuwa njiani, Mable alikuwa milimani kwa bibi yake akisoma, na nyumba ilikuwa imekwisha kufagiliwa mara mbili.

"Nipe Jumapili tatu," alisema. "Nikae nyuma, nisiulizwe chochote. Na Kimeu asitoke kabla sijamwona akifundisha."

Akaenda. Alikaa kwenye sanduku tupu la sabuni pembeni mwa banda, mikono mapajani, na watoto walimtazama kwa muda kisha wakamsahau. Walikuwa wamebaki thelathini na kitu. Aliona kwamba walifika saa mbili, kwa kuwa wazazi waliwatoa nyumbani mapema, na walimu walifika karibu saa tatu. Saa hiyo nzima walikuwa peke yao. Mwalimu wa kwanza alipoingia, vita vilikuwa vimekwisha kupangwa, kila upande una jemadari wake.

Aliona kwamba Josephat alisoma kijitabu toka mwanzo hadi mwisho bila kuinua macho, kama mtu anayepita daraja jembamba. Watoto wa nyuma walikuwa wametambua kwamba haangalii, na walicheza mawe mchana kweupe. Gertrude alijua nyimbo nyingi na watoto walimpenda alipoimba. Wimbo ukiisha alianza kusema "kimya". Tryphena alihesabu Jumapili ya pili: mara thelathini na moja. Kufikia ya kumi neno lilikuwa halina maana tena, lilikuwa sehemu ya makelele.

Kimeu ndiye aliyemshangaza. Alikuwa msimulizi wa kuzaliwa. Alipoanza habari za Yona hata wacheza mawe waligeuka. Lakini mtoto mmoja akikohoa tu, uso wake ulikaza, na hadithi ikakatika wakati anamtafuta mkosaji. Baraza lilikuwa limemkataza fimbo, kwa hiyo alisimama mikono nyuma, akiwa ameikamata kama iliyofungwa. Tryphena aliona kitu kingine. Kijana huyu hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, ila Tryphena hakujua ni hofu ya nini.

Baada ya Jumapili ya tatu alimwita nyumbani, akampa chai na viazi vitamu.

"Yule msichana," alisema. "Alifanya nini hata ukampiga?"

Ilimbidi Kimeu ainame ili amsikie. "Alitoka nje katikati ya somo. Si mara moja. Jumapili tatu. Ananyanyuka tu, anakimbia mpaka kwenye ua wa reli. Nikimwita hageuki. Mara ya tatu nilimshika mkono, akauvuta. Basi nikampiga, na fimbo ikashukia pale."

"Alikimbilia nini?"

"Sikumuuliza."

"Kila Jumapili hutoka?"

Kimeu akafikiri. "Hapana. Nyingine anatulia vizuri. Ndiyo maana nilikasirika. Nilijua anaweza kutulia."

Tryphena alipomuuliza Gertrude, ambaye nyumba yake ilitazama stesheni, alijibiwa mara moja. Zipo Jumapili, Gertrude alisema, ambazo kulipita treni isiyo kwenye ratiba, ikitoka upande wa Mombasa ambako kulikuwa na kambi ya wafungwa wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ikielekea kambi kubwa iliyo mbele ya Voi. Madirisha yake yalikuwa na waya. Haikusimama stesheni.

Siku iliyofuata Tryphena alitembea mpaka upande wa pili wa landhi, kwenye nyumba ya kaka yake Wayua aliyekuwa mtu wa pointi, mgeuza njia za reli, pale stesheni. Wayua alikuwa akipepeta mahindi. Hakuacha kupepeta.

"Kama umetumwa na kanisa, rudi uwaambie mtoto hatarudi."

"Sikutumwa. Nimekuja kuuliza Katuku anatafuta nani kwenye treni."

Ungo ulisimama. Wayua alieleza kwa kifupi, kama mtu anayetoa maelezo ofisini. Mumewe, Mutiso, alikuwa msaidizi wa dereva wa gari moshi. Mwaka uliopita alikuwa Nairobi na treni wakati askari walipokuwa wakikamata watu, naye akakamatwa pamoja na wafanyakazi wengine wa reli. Barua moja ilikuja, kutoka kambi ya upande wa Mombasa. Baadaye waliambiwa watu wa kambi ile wanahamishwa. Mtoto akasikia wakubwa wakizungumza. Tangu hapo, akisikia mlio kutoka upande ule kwa saa isiyo ya treni, alikimbia.

"Anasema akisimama mahali panapoonekana babake atamwona," Wayua alisema. "Nimemwambia ile treni haipunguzi mwendo. Haelewi. Au anaelewa, lakini anaenda tu."

Tryphena aliporudi kwa Kimeu na habari hii alitazamia kumwona akishangaa. Kimeu hakushangaa. Alisema kwamba alijua Katuku ni mtoto wa nani. Kila Mkamba wa Voi alijua. Yeye mwenyewe alikuwa amehojiwa mara mbili na meneja wa shamba, kama anazo habari za watu waliokula viapo dhidi ya serikali, kama ana ndugu waliokamatwa. Kila mwezi alitoa pasi yake ikaguliwe.

"Nilitaka watu wasiseme namwachia mtoto wa Mutiso," alisema. "Wangesema ni kwa kuwa ni wa kwetu. Mtoto mwingine akitoka labda ningemkemea tu."

Tryphena hakumlaumu na hakumfariji. Alimwambia lililobaki ni yeye kwenda kwa Wayua, mchana, kwa njia ya mbele. Kimeu akauliza kama haiwezekani Wayua aitwe kanisani, au waonane hapo kwa Mama Mable. Tryphena akasema haiwezekani.

Walikwenda Jumamosi saa tisa. Nyumba za landhi zilikuwa mistari miwili inayotazamana, na siku ile watu wote walikuwa nje: wanawake wakifua, wanaume wakicheza bao, polisi mmoja wa reli akinyolewa nywele. Kimeu alikuwa amevaa shati lake la ukarani. Walimtazama toka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa Wayua alikaribishwa kigoda, naye akazungumza Kikamba. Tryphena hakuelewa kila neno. Alielewa kwamba kijana alitaja mkono, na hakutaja treni wala ukorofi wa mtoto. Wayua alimsikiliza huku akimtazama miguuni. Kisha akamwita binti yake.

Katuku akaja, akasimama nyuma ya bega la mama yake. Kifundo kilikuwa kimepona.

"Utanipiga tena nikitoka?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Hapana."

"Nikitoka, hadithi itaendelea bila mimi?"

Swali hilo Kimeu hakuwa amelitarajia. Alimgeukia Tryphena, lakini Tryphena alikuwa akitazama pembeni kwa makusudi.

"Nitasimama," alisema mwishowe. "Nitangoja mpaka urudi, nianzie pale pale nilipoachia."

Jumapili iliyofuata Wayua alimleta mtoto mpaka mlangoni mwa banda. Baada yake wale wengine wa landhi walianza kurudi, wawili, watano, mpaka wakafika hesabu ya zamani.

Hapo ndipo kazi ya Tryphena ilipoanza hasa. Kila Jumamosi saa kumi aliwakalisha wale walimu watatu uani kwake. Siku ya kwanza aliwaambia waketi chini kwenye udongo mtupu, miguu wameikunja, naye akaenda jikoni kupika chai. Alikaa huko karibu saa nzima. Aliporudi Josephat alikuwa amelala ubavu, Gertrude akichora ardhini kwa kijiti, Kimeu akirusha vijiwe kwenye debe.

"Nyinyi ni watu wazima," alisema, "na mmekula."

Jumapili ile Josephat alileta mabaki ya magunia aliyokuwa ameyashona pamoja, watoto wakapata pa kukalia, na somo likafupishwa kwa nusu, wimbo ukiwekwa katikati.

Mambo aliyowafundisha yalikuwa madogo, na alirudia yale yale. Mwalimu awe ndani ya banda kabla ya mtoto wa kwanza. Asimame mlangoni, amsalimu kila mmoja kwa jina lake, na kama hajui jina aulize. Anayejua majina sitini hahitaji kusema "nyinyi huko nyuma". Kelele ikianza, usipande juu yake, nyamaza, sogea karibu na mahali inapotoka, simama hapo. Mtoto asiyetulia mpe kazi ya mikono: agawe kadi, afungue dirisha, ahesabu waliokuja. Usitishie jambo ambalo hutalifanya. Na mtoto uliyemkemea asiende nyumbani kabla hujamsemesha tena kwa wema, hata kama ni kumuuliza tu viatu vyake viko wapi.

Gertrude alikuwa mgumu kuamini. "Mama Mable, hayo ni ya watoto wa milimani," alisema siku moja. "Hawa wa landhi wamelelewa na filimbi na vyuma. Usipopaaza sauti hawakusikii."

"Wewe unanisikia?"

"Nakusikia kwa sababu naegemea."

"Basi," Tryphena alisema, akamimina chai.

Na ni kweli kwamba mwanzoni mambo hayakwenda. Jumapili ya kwanza Kimeu alipojaribu kunyamaza kelele ilipoanza, watoto walimwona kanyamaza, wakafurahi. Kelele ikapanda mpaka ikafika kanisani. Kimeu alisimama katikati ya banda, jasho likimtoka, kwa dakika kumi na moja. Mzee mmoja wa baraza alikuja mlangoni akauliza kama mwalimu ameugua. Josephat alisema wazi kwamba njia hii ni ya kuwafanya wachekwe. Jumamosi iliyofuata walikuja wakiwa wamekasirika, na Gertrude ndiye aliyemuuliza Tryphena kwa ukali kidogo kama yeye, siku zile za sauti yake, hakuwahi kushika fimbo.

"Nilichapa miaka kumi na minne," Tryphena alijibu. "Nilichapa kwa kuchelewa, kwa hesabu, kwa kucheka. Kulikuwa na msichana aitwaye Ndulu, aliyehamia kwetu na wazazi wake. Nilimchapa kwa kutokuja na kalamu. Hakurudi tena. Miaka miwili baadaye nikakutana naye sokoni, amebeba mtoto. Akanisalimu kwa heshima, kama mwanafunzi. Sikuweza kumuuliza chochote."

Yeye mwenyewe alionekana kushangaa kidogo kwamba amelisema.

"Sauti ilipokwisha," aliendelea, "muhula ule wa mwisho, nilikuwa nikisogea kwa mtoto nikamnong'oneza. Wachache nilioweza kuwafikia walitulia. Lakini walikuwa wengi, na mimi nilikuwa nimechelewa kujifunza. Nyinyi mko watatu."

Kwa hiyo wakagawana. Kwanza walikuwa wakifundisha kwa zamu, mmoja mbele na wawili wakingoja nje kivulini. Sasa mmoja alisimulia na wawili walitembea katikati ya watoto. Josephat, aliyeogopa kusimama mbele, aligundua kwamba hana hofu yoyote akiketi chini na watoto kumi wadogo. Alianza kuwaonyesha wasichana na wavulana kushona vifungo kwenye kitambaa huku hadithi ikiendelea, na wale wacheza mawe wa nyuma wakawa wanagombania kuketi kwake. Mzee wa baraza alinung'unika kwamba sindano na uzi si mambo ya Jumapili. Donald akamwambia aje kuona. Akaja, akakaa dakika chache, akaondoka bila kusifu wala kukataza.

Treni ikapita katika mwezi wa tatu wa kazi hiyo. Kimeu alikuwa anasimulia habari za kijana aliyetupwa shimoni na ndugu zake. Mlio ulisikika mbali, upande wa Mombasa. Katuku akainuka. Kimeu akanyamaza katikati ya sentensi. Nusu ya darasa ikainuka pia, na wavulana wanne walikuwa wamekwisha kufika mlangoni walipomkuta Gertrude amesimama pale, kimya, akiwatazama mmoja mmoja. Hakusema "kimya". Aliwataja majina. Wakarudi.

Tryphena, kutoka mahali alipoketi, aliweza kuona ua wa reli. Mtoto alisimama pale mikono ameibana kifuani. Treni ikapita kwa kasi, mabehewa sita, na nyuma ya waya kulikuwa na nyuso zisizotambulika na mkono mmoja au miwili. Katuku hakupunga. Alisimama mpaka behewa la mwisho likapotea, kisha akarudi ndani, akaketi kwenye gunia lake, akafuta pua.

Kimeu aliendelea na neno lile lile aliloachia.

Ilitokea mara nne zaidi mwaka ule. Mara ya mwisho hakuna mtoto mwingine aliyeinuka. Walingoja tu, wakichezea vidole, kama watu wanaomngoja mwenzao aliyekwenda kunywa maji.

Kile Kimeu alichokihofia kilimpata, ingawa si kwa uzito aliokuwa amedhani. Kuna mtu aliyepeleka habari kwamba karani wa mizani huenda nyumbani kwa mke wa mfungwa. Meneja alimwita. Kimeu akaeleza yote, toka fimbo mpaka kigoda. Meneja hakuamini kwamba mtu mzima anaweza kwenda kumwomba radhi mtoto, na kwa kuwa hakuamini akamtoa mizanini, akampeleka kuhesabu mafungu ya mkonge shambani juani kwa miezi saba. Alirudishwa baadaye bila maelezo. Alimweleza Tryphena habari hizo kama mtu anayesimulia ugonjwa uliokwisha. Alisema kule shambani alikuwa na muda wa kutunga hadithi zake za Jumapili vizuri zaidi.

Mutiso aliachiliwa mwaka wa hamsini na saba. Alirudi siku ya Jumanne, kwa lori, akashushwa barabarani akatembea mwenyewe mpaka landhi. Katuku alikuwa ameenda kuteka maji, na alipofika nyumbani alimkuta babake ameketi kwenye kigoda akinywa uji. Reli haikumrudisha kazini. Baada ya miezi michache familia ile ilihamia Miasenyi, ambako Wayua alianza kuuza chai na maandazi kando ya barabara kwa madereva wa malori. Mutiso hakukanyaga kanisani, na hakumzuia mtu. Kabla hawajaondoka alikuja mara moja mpaka kwenye uzio wa banda, akasimama nje, akasikiliza somo zima, akaenda zake. Kimeu alimwona, akasita kidogo, akaendelea.

Habari za walimu wa Voi zilisambaa bila mtu kuzisambaza. Kanisa la Mraru liliomba Mama Mable aje, na lingine, na lingine. Alikwenda kwa lori la mizigo, Jumamosi asubuhi, akirudi Jumapili jioni. Mwandawiro, ambaye sasa alikuwa ndiye anayemkuta mkewe hayupo, alijifunza kupika. Watu walitazamia afundishe, naye alikaa nyuma kwanza, Jumapili mbili au tatu. Wengine walichoka kumngoja. Kanisa moja lilimwandikia kwamba halihitaji mtazamaji. Akaacha kwenda huko.

Mwaka wa hamsini na tisa Kimeu alikuwa amekwisha kuacha kazi ya mkonge, ameoa, na kupata shamba la migomba huko Mahoo, upande wa Taveta. Alianzisha darasa la Jumapili, akapata walimu watatu wanawake wa kujitolea, akamwandikia Tryphena aje. Tryphena alipanda treni ya Taveta Ijumaa. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, nywele zimeingia mvi, na sauti haikuwa imeongezeka wala kupungua.

Jumamosi walikaa kivulini karibu na mfereji wa maji, Kimeu akiwa amembeba mtoto wake mchanga begani. Walimu walikuwa na maswali mengi, na Tryphena aliyajibu moja moja, wao wakivuta vigoda karibu zaidi. Mdogo wao, aitwaye Ngina, alingoja wenzake wamalize ndipo akauliza lake. Alikuwa na daftari jipya na penseli iliyochongwa pande zote mbili.

"Na kama mtoto analala, Mwalimu? Kuna mmoja, kila Jumapili. Nikimwamsha, analala tena. Wenzake wanamcheka."

"Ana miaka mingapi?"

"Sita, labda."

"Mwache alale," Tryphena alisema. "Mfunike kwa leso. Ukipata nafasi mwulize mama yake kuna nini nyumbani."

Ngina akaandika. Kisha mke wa Kimeu akaja na ndizi za kupika ndani ya sufuria, na wote wakanawa mikono.